Kiwanja cha mtaa: nani ashike hati, nani ashike ufunguo?

Mwaka uliopita kamati yetu ya kiwanja ilikaa mara tatu, na mara zote tatu tuliinuka bila uamuzi. Nusu ya watu walitaka kaunti ichukue, ijenge ukuta, iweke taa na vyoo. Nusu nyingine walisema siku kaunti itakapoingia ndiyo siku sisi tutakapotoka. Kwenye kikao cha tatu mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza, "Kwani mnagombania hati au mnagombania ufunguo?" Watu wakacheka, halafu wakanyamaza.

Hati inasema ardhi ni ya nani. Ufunguo unasema nani anafungua geti saa kumi jioni, na nani anaambiwa arudi kesho. Vinaweza kukaa mfuko mmoja, vinaweza kukaa mifuko miwili, na ugomvi mwingi niliousikia, Kisumu hadi Nakuru, Vihiga hadi Kakamega, umetokana na watu kuvichanganya. Nimekuwa mweka hazina wa timu ya mtaa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nina upande wangu, lakini hapa nitajaribu kuzipima njia zote kwa mizani moja.

Mizani yenyewe

Nitauliza mambo manne kwa kila njia. Ardhi: nani anaweza kuiuza, kuikata vipande au kuibadilisha matumizi, na nini kinamzuia? Pesa: ada inaingia wapi, na je, inarudi kwenye uwanja? Geti: nani anaingia, saa ngapi, na nani anabaki nje? Nyasi: wiki baada ya wiki, nani anafyeka, nani anazibua mtaro, nani anapaka chokaa?

Kabla ya yote, nendeni ofisi ya ardhi mkafanye sachi ya hati, yaani mwangalie rejista inasema ardhi ni ya nani. Serikali za kaunti zilipoanza 2013 zilirithi mali ya manispaa na mabaraza ya zamani, na viwanja vingi vilikuja bila hati, wakati mwingine hata bila mipaka iliyopimwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, viwanja vya michezo vikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mkikuta kwenye rejista jina msilolijua, wekeni ulinganisho huu kando na mtafute wakili kwanza.

Kaunti ishike vyote viwili

Ardhi. Kwenye karatasi, hapa ndipo penye kinga kubwa zaidi. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema ardhi ya namna hii inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na haiwezi kutolewa wala kutumiwa ila kwa kufuata sheria ya Bunge. Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti viwanja vya michezo na vya burudani moja kwa moja. Mkazi yeyote akiona uwanja unamegwa ana haki ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo inaketi Kisumu, Nakuru na hata Kakamega. Shida ni kwamba uwanja hauibwi wote siku moja. Huanza kibanda kimoja cha chipsi pembeni, kisha cha pili, kisha sehemu ya kuoshea magari, na kufikia mwaka wa tatu kona ya mpira imesogea mita sita ndani na hakuna anayekumbuka ilikuwa wapi.

Pesa. Kwa mradi mkubwa, kaunti na serikali kuu hazina mshindani. Hakuna chama cha mtaa kingeweza kuchanga pesa za uwanja wa Bukhungu kule Kakamega, au ukarabati wa Afraha mjini Nakuru, au uwanja wa Mamboleo uliotumika kwa sherehe za Madaraka Kisumu mwaka 2021. Lakini pesa ndogo ndogo ndizo zinazoumiza. Ada unayolipa kwa kaunti huingia Hazina ya Mapato ya Kaunti pamoja na ada za soko na maegesho, na haitoki huko mpaka iwe kwenye bajeti. Yaani ulilipia mechi, wavu ukachanika siku hiyo hiyo, na wavu huo utangoja foleni na barabara na zahanati. Anayetaka uwanja wake uonekane kwenye bajeti inayoanza 1 Julai awahi mapema: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, na makadirio kufikia 30 Aprili. Watu wengi huja kwenye kikao cha maoni mwezi wa tano na orodha ndefu, wakati sufuria imeshaepuliwa.

Geti. Uwanja wa kaunti ni wa kila mtu, na hapo pana uzuri na balaa zake. Mtoto asiye na timu anaingia na mpira wake wa makaratasi bila kuulizwa kitu. Kwa haki hiyo hiyo wanaingia wanasiasa, wahubiri na wenye tamasha.

Nina kisa kimoja, na uwanja wenyewe nitauacha bila jina. Tuliukodi kwa msimu mzima. Mwezi wa nne, katikati ya masika, ukaandaliwa mkutano wa injili wa siku tatu, na lori la jukwaa likaingia usiku mvua ikinyesha. Anayeujua udongo mweusi wa upande wa Kano anajua kilichofuata: ukilowa unanasa, ukikauka unakuwa tofali. Jumatatu nilikuta nyayo za magurudumu kutoka geti hadi boksi la kusini. Nikatia mkono, ukazama mpaka kwenye saa yangu. Waandaaji walikuwa na kibali chenye mhuri, walilipa ada yao, hawakuvunja sheria yoyote. Afisa aliyetia sahihi hakuwahi kuuona uwanja ukiwa umelowa. Mpaka mwezi wa nane winga wetu wa kushoto alikuwa anakimbia akitazama chini.

Nyasi. Kuna mfanyakazi na ana mshahara. Mara nyingi kinachokosekana ni petroli ya mashine.

Njia hii inawafaa wenye uwanja mkubwa wa mji, unaohitaji jukwaa, taa na vyoo, au uwanja ambao tayari una wanyemelezi na unahitaji jina zito kwenye hati.

Hati kwa kaunti, ufunguo kwa klabu au kamati

Hii ndiyo iliyogawa kamati yetu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ardhi inabaki ya umma, na kinga zote nilizozitaja hapo juu zinabaki. Kinachobadilika ni karatasi ya pili: makubaliano yanayoipa klabu au kamati ya wakazi kazi ya kuendesha. Hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Barua ya afisa wa michezo inayosema "mmeruhusiwa kutumia" haiwafikishi mbali. Akihamishwa, mrithi wake anaweza kuandika nyingine kesho yake. Upangishaji wa miaka 2 au pungufu, kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, hausajiliwi kwenye rejista ya ardhi. Ukizidi hapo, mnaweza kuusajili, na ndipo unapoanza kuwa na meno. Halafu tazameni kalenda: uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Mkataba unaokwisha mwezi uleule ambao gavana na mwakilishi wadi wanaingia au kutoka ni mkataba unaojitafutia matata. Uvusheni uchaguzi.

Pesa. Ada inaingia akaunti ya kikundi na wavu unanunuliwa Alhamisi kwa ajili ya Jumamosi. Faida hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Lakini mnakusanya pesa kwenye mali ya umma, na kaunti ina haki ya kuuliza ni ngapi. Mkataba useme ada ni kiasi gani, ni nani wa kuipandisha, kaunti inapata fungu gani, na hesabu zinabandikwa wapi. Sisi tuliacha daftari la risiti tukahamia nambari ya Paybill ya kulipia kwa simu, na minong'ono juu yangu ilipungua mwezi huo huo. Haikwisha, ilipungua.

Geti. Hapa klabu inaweza kugeuka mwenye nyumba. Nimeona uwanja wa umma ambapo timu ya wanaume inayolipa inapewa saa kumi na saa kumi na moja kila siku, na wasichana wanaambiwa waje saa saba mchana, jua la Kisumu likiwa utosini. Wakilalamika wanajibiwa kwamba ratiba iko wazi. Na hawa ni wasichana wa ukanda uliotoa Vihiga Queens, waliotoka uwanja wa Mumboha pale Luanda, kaunti ya Vihiga, wakaenda kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake nchini Misri mwaka 2021. Mkataba ukipanga saa, uzitaje kwa majina ya makundi: shule, wasichana, wazee wa kutembea asubuhi, na saa ambazo geti liko wazi bila ada kwa mtu yeyote.

Nyasi. Sijaona njia nyingine inayoishinda hii. Mtu anayecheza Jumamosi ndiye anayejua Jumatano kwamba mtaro umeziba. Ukitaka kuona nyasi zenye mwenyewe, nenda Nakuru Athletic Club, ambako raga ya Nakuru ina kwao na mashindano ya Prinsloo Sevens huchezwa.

Inawafaa wenye klabu au ligi iliyoishi miaka kadhaa, yenye viongozi waliowahi kubadilishana vyeo bila kupigana. Kikundi kilichosajiliwa mwezi jana kwa ajili ya kupata uwanja, mimi nisingekipa ufunguo.

Uwanja wa shule ya umma

Ardhi. Kwa vijiji vingi vya magharibi huu ndio uwanja pekee ulio tambarare. Lakini ardhi ya shule huku ina fundo lake. Shule nyingi zilianzishwa na wamisheni: Wakweka walifika Kaimosi 1902, Waanglikana wakaanzisha Maseno 1906, na mpaka leo kanisa ndilo mfadhili wa shule nyingi. Kwingine hati ina jina la kanisa, kwingine haipo kabisa. Shule nayo hunyemelewa. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya kutoa machozi wakidai uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Kwa hiyo sachi iko palepale.

Pesa ni rahisi kueleza: shule haina za uwanja. Bodi ya Usimamizi hupendelea mlipe kwa kazi na vitu, yaani magoli ya chuma, nyavu, mbegu za nyasi, na hilo huwa na ugomvi mdogo kuliko noti mkononi.

Geti linafunguka baada ya masomo, wikendi na likizo, na Agosti na Desemba ndizo nyakati ligi za mtaani zinapochangamka. Linafungwa wakati wa mitihani ya kitaifa, bila mjadala. Pia kuna watoto, na mwalimu mkuu ana kila sababu ya kutotaka watu wazima asiowajua wakipita madarasani. Nyasi hufyekwa na wanafunzi kwa slasha, au na ng'ombe wa jirani, ambao hawana ratiba.

Tahadhari moja tu: makubaliano ya mdomo na mwalimu mkuu huhama naye. Andikeni na Bodi, si na mtu.

Inazifaa timu ndogo, akademia za watoto, na kijiji ambacho hakina ardhi nyingine.

Amana yenye wadhamini

Ardhi. Hapa uwanja unatoka mikononi mwa serikali, au haukuwahi kuwa huko, na unashikwa na wadhamini waliosajiliwa kama chombo kimoja kinachoendelea kuishi hata mmoja wao akifa. Hati ya amana ndiyo katiba yenu, na ikiandikwa vizuri inaweza kukataza uuzaji milele. Ikiandikwa vibaya, wadhamini watano wanaweza kukaa mezani jioni moja wakauza. Ulizeni mapema mdhamini anachaguliwa na nani, anaondolewaje, na amana ikivunjika ardhi inakwenda kwa nani.

Swali gumu ni ardhi yenyewe itoke wapi. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 ni ekari 1.76 kabla hujaweka nafasi ya pembeni. Kaunti ya Vihiga ilikuwa na zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba kwenye sensa ya 2019. Ekari mbili huko ni urithi wa ndugu kadhaa. Kwa kawaida hadithi huwa hivi: mzee alipenda mpira, akasema mbele ya watu "chezeni hapa," watoto wakacheza miaka 30. Mzee akafariki, mirathi ikafunguliwa kortini, na mjukuu akaonyesha hati yenye jina la babu peke yake. Mjukuu hana kosa mbele ya sheria. Zawadi ya ardhi isiyohamishwa kwenye rejista ni maneno mazuri tu. Kama mzee yuko hai na nia anayo, mpelekeni kwa wakili wiki hii. Ardhi ikiwa ya kilimo, uhamisho unahitaji pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi yake yana muda wa miezi sita tangu kukubaliana.

Pesa ni zenu zote, na mzigo ni wenu wote. Kaunti husita kumwaga pesa za umma kwenye ardhi isiyo ya umma, maana mkaguzi wa hesabu atauliza, kwa hiyo msitegemee taa za bure. Geti mnalishika nyinyi, na jirani asiyependwa na wadhamini hana pa kukata rufaa zaidi ya kwao. Nyasi hutunzwa vizuri miaka ya mwanzo. Baadaye inategemea kama vijana waliingizwa, au wadhamini walizeeka pamoja.

Inawafaa watu wenye ardhi tayari mkononi, mfadhili anayeeleweka, na subira ya karatasi.

Mbili za kupita haraka

Uwanja wa kampuni huwa mzuri kampuni ikiwa na afya. Ukanda wa miwa uliwahi kufaidi: Mumias na Chemelil zilikuwa na viwanja vya kuonea wivu, na timu za ligi kuu. Lakini uwanja wa kiwanda hufuata kiwanda, na mwaka 2019 Mumias iliwekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na benki inayoidai. Katika hali hiyo, mtu wa kufyeka nyasi hawi wa kwanza kulipwa.

Ardhi ya jamii chini ya sheria ya 2016 inavutia ukiisoma: kamati iliyochaguliwa ya watu 7 hadi 15, na ardhi haiuzwi bila theluthi mbili ya wanajamii wazima waliosajiliwa. Ila huku kwetu mashamba mengi yalipimwa na kupewa hati za watu binafsi zamani, kwa hiyo nafasi ya kuitumia ni finyu.

Kwa hali yako

Mko mjini, uwanja hauna hati na vibanda vimeanza kuingia: acheni habari ya ufunguo kwa sasa. Isukumeni kaunti ipime na kusajili, na mkifika kwenye ratiba ya bajeti ombeni upimaji kabla ya jukwaa.

Uwanja ni wa kaunti, una hati, na unaoza kwa kukosa mtu: hapo mkataba wa kuendesha una maana, mradi ni mrefu kuliko miaka 2 na una saa za wasio na pesa. Ombeni pia kifungu cha mvua, kinachosema magari mazito hayaingii masika bila mbao chini ya magurudumu. Kipande hicho kimoja kingetuokolea msimu.

Mna watoto wa chini ya miaka 15 na mipira minne: shule inatosha, na pesa za kupigania uwanja wenu wenyewe nunueni viatu.

Mna ekari za familia na mzee aliye hai: amana, na haraka. Kama familia haijakubaliana, hata hiyo msiiguse, maana mtarithi kesi.

Mna klabu yenye nguvu lakini mtaa hauiamini: anzeni na mwaka mmoja wa majaribio chini ya kaunti, hesabu zikibandikwa getini kila mwezi, kisha ndipo mwombe miaka mirefu.

Sisi wenyewe kikao cha nne kimepangwa Jumapili hii baada ya mechi ya asubuhi, kiwanjani. Geti la mabati lina kufuli mpya tuliyoinunua mwezi jana, yenye ufunguo mmoja, na aliyeushika amesafiri kwenda Nairobi mpaka Jumatatu. Watoto tayari wametoboa njia kwenye ua wa minyaa. Nadhani wajumbe nasi tutapitia hapo.